Hudihudi, Ndege Isiyoanguka

Jumatatu, 3 Novemba

Mama anaogopa ndege. Hajasema, lakini mimi ni mwanawe, namjua. Leo wakati wa chai ameniuliza kama ndani ya ndege mna choo. Mtu asiyeogopa ataulizia choo?

Zimebaki siku kumi na mbili. Jumamosi ya tarehe kumi na tano, inshallah, mimi na Mama tunaondoka kwenda Umra na kundi la Ustadh Ahmad. Saa nane mchana, Mombasa hadi Addis, Addis hadi Jidda. Mama ana miaka sabini na mbili na hajawahi kupanda juu kuliko ghorofa ya pili kwa dada yangu Basma. Safari hii ameingoja tangu marehemu Baba yu hai. Sasa imefika, na hofu imemkaa, maskini. Mimi siogopi. Sijalala siku tatu, lakini hilo ni joto.

Nimeamua. Nitabuni ndege salama! Ni kweli mimi si mhandisi, ni fundi wa makochi. Lakini ndege ni nini? Ni viti vingi vilivyopangwa safu. Na viti navijua. Nusu ya Kisauni imekalia kazi ya mikono yangu, na hakuna aliyewahi kuanguka. Isipokuwa rafiki yangu Hashim, na yeye alikuwa amesimama juu ya kochi akitundika pazia.

Jina liko tayari: Hudihudi. Ndege wa Nabii Suleiman, aliyekwenda mbali akarudi na habari kamili. Hapo kwenye kurudi ndipo penyewe.

Rania, mke wangu, ameuliza kama kochi la Bi Dorothy limekwisha. Watu wengine hawana upeo.

Jumanne, 4 Novemba

Mchoro umekamilika! Nyuma ya kalenda ya mwaka jana, kurasa sita.

Chumba cha abiria kimetengana na ndege yenyewe. Kimeshikwa na makomeo manne tu. Likitokea la kutokea, rubani anavuta kamba, makomeo yanafunguka, chumba kinabaki hewani na parachuti lake, na watu wanashuka polepole wakimalizia soda zao. Na mbawa zinakunjika! Kwa hiyo Hudihudi inaweza kutua popote: uwanja wa mpira, ufukweni, hata barabara ya Bamburi. Rania ameuliza magari ya barabarani yatakwenda wapi. Nimemwambia hayo ni mambo ya wizara. Akauliza rubani atafanya nini chumba kikishajitoa. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nimemchorea kijiparachuti chake.

Baada ya alasiri nikampelekea Mama. Nikaona si haki kumwonyesha mtu dawa bila kumweleza ugonjwa. Kwa hiyo nikaanza kwa kumtajia njia kumi na nne ambazo ndege ya kawaida inaweza kuanguka. Kumi na mbili nilizisoma kwenye simu, mbili ni zangu. Mama alisikiliza huku akichambua mchele. Nilipofika ya tisa, ile ya kunguru kuingia kwenye injini, akauliza kama hao ni kunguru wa huku au wa Addis. Nikamwambia wowote. Akasema basi Mungu awasitiri kunguru.

Ya kumi hakuisikia, kwa sababu aliingia Kioko. Huyu ni jirani yetu, mtu wa Machakos, anafanya kazi uwanja wa ndege. Anaendesha ngazi. Ile ngazi ya magurudumu inayosogezwa mlangoni mwa ndege ili abiria wapande na kushuka. Basi! Ngazi! Lakini mtaa mzima unamsikiliza kama rubani mkuu. Mama akamwuliza lile la choo. Kioko akamwambia vyoo vipo, mbele na nyuma, ila abebe kichupa chake cha maji. Mama akashusha pumzi, akamfungia mahamri manne. Mimi niliyebuni ndege nzima nilipata moja, tena la jana.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeupeleka mchoro kwa shirika kubwa la ndege! Nimeingia kwenye tovuti yao kwa simu. Hapakuwa na mahali pa uvumbuzi. Palikuwa na tiketi, chakula maalumu, na mizigo iliyopotea. Nikachagua mizigo. Jibu likaja baada ya dakika moja! Wanasikitika sana kwa usumbufu, na wanaomba kujua sanduku langu ni la rangi gani. Nimejibu: kahawia. Ukishafunguliwa mlango hata kidogo, unatia mguu.

Sasa ni majaribio. Hashim, rafiki yangu wa lori, Jumamosi anakwenda machimbo ya Mwakirunge kubeba mawe. Pale pana mwinuko mzuri wa kuangusha kitu. Mfano wa Hudihudi nimeutengeneza kwa mbao nyepesi na sponji, ukubwa wa kreti ya soda. Abiria ni chupa ya chai ya Rania. Nimeichagua kwa makusudi: nje bati, ndani kioo, kama binadamu alivyo. Rania hajaambiwa. Mtu akiambiwa mapema huwa na maoni.

Shida ilikuwa kitambaa cha parachuti. Turubali ni zito. Pazia za Rania siruhusiwi kuzigusa tangu mwaka juzi. Nikafungua kasha la Mama alipokuwa darsani, na nikaona nini! Bafta nyeupe, mpya, pana, dhiraa kwa dhiraa, imekunjwa vizuri na inanukia udi na kafuri. Pembeni imeandikwa jina lake kwa wino, Kuluthum binti Said. Nadhani kwa ajili ya dobi. Kitambaa kizima kimekaa miaka na miaka bila kazi! Nitakirudisha kabla hajajua.

Jumamosi, 8 Novemba

Siku gani hii. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi. Mwakirunge. Upepo wa kutosha. Kazi ya kutupa nilimwachia Hashim, kwa sababu mvumbuzi anatakiwa atazame. Nilitazama nikiwa nimelala kifudifudi, hatua ishirini kutoka ukingoni. Hapo ndipo panapoonyesha vizuri. Hashim akasema nikisogea nitaona zaidi. Nikamwambia atupe tu.

Akatupa. Parachuti likafunguka! Likafunguka lote, jeupe, zuri, machozi yakanitoka. Hudihudi ikaning'inia hewani kama ilivyochorwa. Halafu badala ya kuteremka ikapanda. Upepo ukaichukua, ukaivusha machimbo, ukaipeleka taratibu hadi jaa la taka.

Pale jaani palikuwa na waokota chupa wapatao thelathini. Hashim alishuka na lori kuifuata, kwa hiyo haya ni ya kusimuliwa. Watu waliinua vichwa wakaona bafta nyeupe inashuka kutoka juu. Ikakaribia, wakapata harufu ya kafuri. Mzee mmoja akavua kofia. Wengine wakatimua mbio. Aliyebaki ni mtu mmoja aitwaye Kahindi, akakipokea kitambaa kwa mikono miwili kisiguse taka, akauliza ni cha nani. Hashim akamjibu ni cha mamake Ghanim wa Mtopanga, yaani mimi. Kahindi akatikisa kichwa kwa huzuni. Akasema kitu kama hiki hakibebwi kwenye lori la mawe, atakileta mwenyewe. Nikasema moyoni, watu waungwana walioje! Na chupa ya chai ilikuwa nzima! Nzima kabisa! Abiria hakupata hata mkwaruzo!

Lori likapata pancha. Nikafika nyumbani saa kumi na nusu.

Mlangoni viatu vimejaa kando ya mikeka. Viti vya plastiki. Vijana wa msikitini wanafunga turubali. Wanaume wameinama, Ustadh Ahmad ana tasbihi mkononi. Wakaanza kunishika mkono mmoja mmoja, pole Ghanim, ni kazi ya Mungu, pole. Nikakaa mchangani pale pale. Nilikuwa sijamuaga. Nilikuwa nimempa njia kumi na nne za ndege kuanguka, na hilo ndilo jambo la mwisho refu nililomwambia Mama yangu. Naandika hivi kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu.

Kisha mlango ukafunguka, akatoka Mama. Macho ya usingizi, birika mkononi. Akauliza nani amefariki na mbona hakuambiwa akapika.

Nduku, mke wa Kioko, alipiga ukemi uliosikika Kiembeni. Ikaeleweka polepole. Kahindi alikuwa amepita kwa bodaboda akiuliza njia, na kila alipouliza alionyesha alichokibeba. Habari ikamtangulia kufika. Watu wakaja, wakakuta mlango umerudishwa. Mama alikuwa amelala mchana, Rania yuko sokoni. Kwa adabu, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kubisha. Wakakaa nje saa nzima wakimsomea Mama, na yeye ndani anakoroma.

Kile kitambaa ni sanda yake. Alikuwa aende nayo Makka aichovye maji ya zamzam, kama alivyofanya mamake. Kahindi alipoiona tu alijua. Hashim alijua, ila alidhani nimeomba ruhusa. Mtaa mzima ulijua. Mimi niliona parachuti.

Mama aliipokea mikononi mwa Kahindi, akaikung'uta mchanga, akaikunja. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Akatazama viti, turubali, watu, kisha akanitazama mimi.

"Sendi," akasema, akaingia ndani.

Jumapili, 9 Novemba

Mama haendi. Amesema mtu ambaye sanda yake imemshukia kutoka mbinguni, na majirani wamekwisha kumlilia, haongezi kupanda ndege juu yake. Ni ishara. Hasira hana. Anaogopa. Nimekaa naye miaka arubaini na tisa na sijawahi kuona macho yake hivi, hata siku ya Baba.

Basma amekuja. Amenisimamia mlangoni, mkoba bado begani. Halafu akasema Mama hakuwa anaogopa. Hakuwahi kuogopa. Aliulizia choo kwa sababu ana miaka sabini na mbili. Akaniuliza nilitoa wapi habari kwamba anaogopa, nikamwambia mambo mengine mwana huyahisi tu. Akasema Ustadh Ahmad anahitaji jibu Alhamisi, jina likitoka kwenye orodha halirudi, na Mama kwa magoti yale huenda asipate mwaka mwingine. Nimeharibu, nitengeneze.

Nimejaribu. Nimemweleza Mama kwamba kitaalamu jaribio lilifaulu, ushahidi ni ile chupa. Ikaonekana chupa hiyo hiyo ndiyo Rania aliyowamiminia chai waombolezaji jana. Watu arubaini wamekunywa kutoka kwenye ushahidi wangu na hakuna aliyejua. Nikamwambia Mama Hudihudi ya pili itakuwa na parachuti la buluu. Akageukia ukutani.

Nimejiona mtu duni sana leo. Lakini niwe mkweli: Basma aliposema tusipothibitisha tutabaki, kuna kitu kifuani kililegea, nikalala vizuri mchana. Ni kwa ajili ya Mama. Apumzike.

Jumanne, 11 Novemba

Mpango mpya! Mtu huondolewa hofu kwa kuzoeshwa. Nimepanga makochi yote karakanani safu mbilimbili, nimefunga mikanda, nimebandika namba. Mama atakaa 3A, mimi nitatikisa kutoka nyuma taratibu, halafu kwa nguvu, halafu kwa nguvu zaidi. Mama amekataa kuja. Amesema ametikiswa vya kutosha.

Aliyekuja ni Bi Dorothy, kuchukua kochi lake. Limeandikwa 3A kwa rangi ya mafuta. Mkanda wake hautoki, niliutia gundi kwa usalama zaidi. Amesema maneno mengi. Amelibeba hivyo hivyo, mkanda unaburura barabarani.

Shirika la ndege limeandika tena. Sanduku langu la kahawia bado linatafutwa, wamefika hadi Istanbul. Nimeanza kulihurumia.

Jumatano, 12 Novemba

Kioko amemchukua Mama! Bila kuniuliza mimi! Leo ni siku yake ya mapumziko, akaazima gari la shemeji yake, akampakia Mama na Nduku, wakaenda uwanja wa ndege. Nilidhani anamwonyesha injini. Hakumwonyesha chochote. Walikaa kwenye benchi pale wanapotokea wasafiri, wakala ndizi, tangu saa tatu hadi saa saba. Ndege nne zilitua. Hiyo ndiyo akili yake yote! Benchi na ndizi! Wala hakugusia makomeo.

Mama amerudi na uso wake wa zamani. Amemkuta huko bibi mkubwa kuliko yeye, ametoka Jidda peke yake na mkongojo, na lalamiko lake ni moja tu, kwamba wali wa ndegeni hauna chumvi. Mama akakaa, akavua viatu, akasema:

"Nimewahesabu. Wote washuka. Hakubaki mtu ndani."

Kisha akaniita nilipokuwa nimesimama mlangoni. Akasema amefikiri kuhusu ile sanda. Imepanda juu, imekwenda ilikokwenda, imeshuka bila kuchanika, na imerudi nyumbani kwa mikono ya mtu mwema. Kama sanda imesafiri salama, yeye atashindwaje? Ustadh Ahmad ameshapigiwa. Tunaenda.

Kwa hiyo ni jaribio langu lililomshawishi! Asingekuwa na mfano huo bila Hudihudi. Nimemweleza Kioko hivyo kwa upole. Akasema, sawa fundi, hongera. Nduku akacheka bila sababu. Mama amempikia Kioko mkate wa sinia mzima.

Tunaenda. Jumamosi. Joto la leo halina mfano, sijapata kuona Novemba kama hii.

Ijumaa, 14 Novemba

Watu wamekuja kutakana radhi na Mama. Sebule tele. Kila aingiaye Mama anamwomba msamaha, hata mtoto wa jirani aliyewahi kumnyima embe. Kahindi naye amekuja kutoka Mwakirunge, amevaa shati lililopigwa pasi. Mama alimshika mikono akamwambia kuna dua yake Makka. Mzee wa watu alilia.

Zamu yangu ikafika. Nikamwomba radhi ya sanda. Akasema ilikwisha siku ile ile. Akanishika kidevu akauliza nalala saa ngapi siku hizi. Nikamwambia joto, Mama. Akasema aa.

Nimejishonea mto wa sponji wa kufunga kiunoni, na mwingine wa kichwa. Si hofu. Ni utafiti.

Jumamosi, 15 Novemba

Niandike haraka, nimalize.

Tulifika saa tano. Kanzu, kofia, mto kiunoni. Mlinzi aliuliza huo ni ugonjwa? Nikasema ni uvumbuzi. Foleni ya kundi letu ilikuwa ndefu, wanawake wamevaa mitandio ya rangi moja, Ustadh anahesabu watu. Mama mbele yangu, anazungumza na kila mtu. Tukasogea. Tukasogea tena. Nikakumbuka kwamba sikufunga karakana. Rania, aliyetusindikiza, akasema ameifunga yeye. Nikakumbuka gundi niliyoiacha wazi. Rania akasema ameifunika. Nikasema nina haja ya kwenda kupima bawa la ndege kwa nje kabla ya kupanda. Rania akanirudisha kwenye foleni.

Kwa kioo niliiona. Nyeupe, kubwa, imetulia. Mikono ikawa baridi, na mimi niliyesema siku zote ni joto! Nikataka kuvuta toroli, toroli halikwenda, kumbe nilikuwa nimelishikilia kwa nguvu likashindwa kwenda.

Mama akageuka. Akaniketisha juu ya masanduku yetu, mbele ya watu wote, kama alivyokuwa akiniketisha zamani kunikata kucha. Akainama sikioni.

"Mwanangu, khofu si aibu. Aibu ni kunivika mimi khofu yako. Nenda kalale. Mimi takuombea."

Nikasema Mama, huwezi kwenda peke yako. Akasema haendi peke yake. Nikainua macho, nikamwona Basma, ambaye alikuja kutuaga. Lakini mtu anayekuja kuaga huja na sanduku? Alikuwa na sanduku! Alikuwa na pasipoti, viza, tiketi, mtandio wa rangi ya kundi, kila kitu. Mama alikuwa amemwambia ajiandae tangu Jumanne ile ya kalenda. Nilipofika njia ya tisa ya ndege kuanguka, alisema Basma, Mama aliona mkono wangu unavyotetemeka juu ya mchoro. Siku kumi na moja alijua, na akaniachia nafasi yangu mpaka dakika ya mwisho, labda nitaweza.

Nililia. Rania akanifungua ule mto kiunoni, akanipa nijifutie.

Ngazi aliisogeza Kioko. Nilimwona. Aliisogeza taratibu sana, akashuka, akamshika Mama mkono ngazi ya kwanza. Mama alipanda bila kutazama chini. Mlangoni akageuka akapunga, na sidhani kama aliniona, lakini alipunga upande wa kioo chetu.

Ndege ikaruka. Haikuanguka.

Jumapili, 30 Novemba

Amerudi! Mzima, mweusi wa jua, anacheka. Mtaa umejaa tena, safari hii kwa pilau. Amesema ndege ilitikisika kidogo juu ya Bahari ya Shamu, Basma akapiga kelele, yeye alikuwa amelala. Sanda imechovywa zamzam na imekauka vizuri.

Akaniambia aliniombea pale penyewe, mkono kwenye ukuta wa Kaaba, niondokewe na hofu. Nimemshukuru. Safari imemchosha, Mungu ampe afya. Hofu gani? Lile la Jumamosi nimelichunguza kitaalamu tangu hapo, ilikuwa ni njaa. Nilikunywa chai kavu.

Ustadh Ahmad ameisogeza tiketi yangu hadi Shaaban. Mama atakwenda nami tena, amekwisha kusema.

Jumanne, 2 Desemba

Leo Mama ana wazo. Amelizua na Kioko, bila shaka. Kampuni ya Kioko ina ngazi moja kuukuu imetupwa kwenye yadi, kule Port Reitz. Haina ndege. Ni ngazi tupu, imesimama nyasini, ukifika juu umefika hewani. Mama anataka niipande. Vidato ishirini, polepole, siku kwa siku, mpaka Shaaban.

Tumekwenda watatu. Nimekubali kwa kumridhisha tu. Kioko akafunga magurudumu. Nikapanda kidato cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Kwenye cha nne nikatazama chini, nikashuka kufunga kiatu. Nilikuwa nimevaa ndara.

Mama akanipita. Miaka sabini na mbili, magoti yale! Akakusanya buibui kwa mkono mmoja, akapanda vidato vyote ishirini, akasimama juu kabisa, peke yake, upepo unampiga. Kisha akageuka akaninyooshea mkono.

"Panda, mwanangu. Huku juu hakuna kitu."

Ndivyo ninavyosema mimi tangu mwanzo! Juu hakuna kitu! Lakini sikutaka kubishana naye mbele ya Kioko. Nikarudi kidato cha kwanza, nikashika reli, na hapo ndipo nilipoligundua jambo lenyewe, subhanallah, wiki zote hizi nikihangaika na mbawa na makomeo. Ndege haina tatizo lolote! Tatizo ni ngazi. Reli ni fupi, mtu mzima hana pa kushika. Nani asingesita?

Mama alikaa pale juu ananingoja, mkono bado ameunyoosha. Nikatoa futi mfukoni, nikaitumia nafasi hiyo kupima. Fupi kwa inchi nne nzima! Nimemwambia Kioko aniachie yadi hii hadi Shaaban, na amwombe Mama asishuke kwanza, sijapima upande wa pili.